Usilaze Maua na Ndizi

Moraa mwanangu,

Barua hii nimeificha ndani ya sweta ya kijani, ile usiyoipenda, kwa sababu najua hiyo ndiyo utaikunjua mwisho. Ukiiona utakuwa umeshafika Nakuru na umeshalala usiku mmoja. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu Ekegusii ndiyo lugha yangu ya kugombana, na leo sitaki kugombana na wewe. Ninao wengi wa kugombana nao, na wa kwanza ni mimi mwenyewe.

Sitakuambia ule vizuri. Kula unajua. Sitakuambia uombe, ubebe mwavuli, wala ujihadhari na wanaume wenye maneno matamu. Hayo nimeyasema tangu Jumapili mpaka baba yako akaniuliza kama tunakupeleka hotelini au vitani. Ninalotaka kukuambia ni moja tu, na nimelilalia miaka tisa kama kuku anayelalia yai viza.

Linaanza na maneno uliyoyasema jikoni wiki iliyopita. Ulirudi kutoka kwenye mahojiano ya kazi huku unaruka. Ulisema meneja aliwauliza maua ya pale mapokezi yafanyiwe nini ili yakae, na wenzako wakasema soda, wakasema panadol, mmoja akasema utie sarafu chini ya chombo. Wewe ukamwambia kwamba kwanza chombo kioshwe kwa sabuni kama chupa ya mtoto, kikonyo kikatwe mshazari kwa kisu kikali, kila jani linalogusa maji liondolewe, na kubwa kuliko yote, maua yasiwekwe karibu na matunda yanayoiva. Ukasema meneja aliacha kuandika, akakutazama, akakuuliza umesomea wapi. Ukamjibu, "Nimefundishwa na mama yangu."

Baba yako alicheka kwa furaha. Mimi niliinuka nikaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri tu. Moraa, hilo la mwisho hukufundishwa na mimi. Mimi nililikataa. Nilikupiga kofi kwa ajili yake. Ama umesahau, ama unajifanya umesahau ili usinione vibaya, na sijui lipi kati ya hayo mawili linaniumiza zaidi.

Hayo mengine ni yangu, sikatai. Kukata maua alfajiri umande ukiwa bado, au jioni jua likishalegea, kamwe si mchana. Kubeba ndoo ya maji hadi shambani ili kikonyo kisikae hewani. Kubadilisha maji kila siku ya pili, na kila ukibadilisha, unakata tena kikonyo, kipande cha upana wa kidole. Kijiko kidogo cha sukari na matone mawili matatu ya jiki, ile dawa ya kung'arisha nguo, kwa sababu sukari ikiwa peke yake ni karamu ya uozo. Hayo niliyapata kwa kuharibu, mwaka baada ya mwaka, huku watu wa hapa Sironga wakinicheka. Ati shamba linalofaa chai linapandwa maua! Ati maua yanapikwa na nini! Shemeji zangu walikuwa wakipita kando ya ua wananiuliza kama leo tutakula waridi au karnesheni, na baba yako anatazama viatu vyake.

Na hao hao wanaocheka, ebu waone maua yao wenyewe. Mtu ananunua waridi mjini, analichomeka kwenye kopo la mafuta ya kupikia ambalo hakulisugua, analiweka juu ya televisheni mbele ya dirisha lenye jua, na likiinama siku ya pili anasema maua ya siku hizi hayana nguvu. Hayana nguvu wapi? Umelinywesha maji ya mafuta, umelikausha kwa jua, halafu ulaumu ua! Hasira hiyo ninayo mpaka leo. Lakini ngoja, kwa sababu mimi nilifanya baya kuliko la huyo mwenye kopo.

Koko Kemunto unamkumbuka. Najua unamkumbuka kwa sababu hujamtaja hata mara moja tangu kile kipindi, na mtoto hanyamazii mtu aliyemsahau. Yule bibi mjane, jirani yetu wa upande wa chini, aliyekuwa akikusuka nywele na kukupa parachichi lenye chumvi. Yeye ndiye mtu mmoja tu ambaye hakunicheka. Alikuwa akija anasimama kwenye tuta, mikono nyuma, anatazama maua kama mtu anayetazama ng'ombe wake wa maziwa. Kando ya mto alikuwa na maua yake meupe ambayo hakuyauza kamwe. Aliyakata siku ya Ijumaa, akayaweka mezani kwake, basi.

Wewe ulikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule mke wa mzee wa kanisa alipomwoza binti yake. Mama huyo unamjua, hajabadilika. Mapambo ya kanisa yalikuwa mkononi mwake, na kwake maua ni plastiki. Yale mawaridi mekundu yenye vumbi yalikaa mimbarini miaka yote, yanaoshwa mara moja kwa mwaka kabla ya makambi ya kanisa, mengine yana matone ya gundi eti ni umande. Kila Sabato nilikuwa nikiyatazama badala ya kumsikiliza mhubiri. Nilimwomba anipe nafasi mara moja tu, akakataa. Nikamwomba tena. Mwishowe bibi harusi mwenyewe ndiye aliyesema anataka maua ya kweli, na mama yake akakubali huku amekunja uso. Akaniambia mbele ya akina mama wenzetu kwamba yakinyauka, nisimlaumu mtu.

Kichwa kilinivimba, Moraa. Sikulala vizuri wiki nzima. Niliwaza mimbari, milango, meza ya maharusi, na nikawaza uso wa mama yule.

Sasa sikiliza jinsi ilivyokuwa, kwa sababu mtu asiye Msabato hawezi kuelewa. Harusi ilikuwa Jumapili asubuhi. Sabato inaingia Ijumaa jua likitua, na kutoka hapo mpaka jua la Jumamosi litue hakuna kukata, hakuna kupanga, hakuna kubadilisha maji. Ilibidi kila ua liwe ndoani kabla ya jua kutua Ijumaa na likae usiku huo na mchana kutwa bila mkono wa mtu. Nilitaka mahali penye giza na baridi. Nyumba nzima hakuna pazuri kuliko stoo, ile yenye ukuta mnene wa udongo, haina dirisha. Na stoo wiki ile ilikuwa imejaa ndizi. Akina mama wa kanisa walikuwa wameleta mikungu ya harusi iivie kwetu kwa sababu stoo yetu ndiyo kubwa, wameifunika kwa majani makavu na magunia kama kawaida. Niliisogeza kidogo nikapanga ndoo zangu katikati. Wewe uliniletea maji, mtungi baada ya mtungi, na ulikuwa umefurahi kuliko mimi.

Jua likiwa limebaki kidogo sana, Koko Kemunto alikuja kurudisha chekeche. Aliingia mpaka mlangoni mwa stoo. Akatazama maua, akatabasamu. Halafu akainama akaweka kiganja juu ya magunia, akakiacha hapo kidogo, kama vile unavyopima homa ya mtoto.

Akasema, "Mama Moraa, yatoe humu. Usilaze maua na ndizi. Hayatafika Jumapili."

Mimi kwa mdomo nilimjibu kwa heshima, nikamwambia asante mama, nimesikia. Moyoni nilikuwa nimekasirika. Nilijiambia, huyu naye ameingiwa na wivu. Miaka yote ananisifu, leo nimepata kazi kubwa ndipo ananitakia mabaya. Nikafunga mlango, tukaimba wimbo wa kufungua Sabato. Siku iliyofuata, kila nilipopita nje ya stoo, harufu ya ndizi mbivu ilikuwa tamu, na mimi mjinga nilifurahi kwamba hata ndizi za harusi zimekubali.

Jumamosi jua lilipotua nilifungua. Mawaridi yalikuwa yameacha petali zake sakafuni. Karnesheni zilikuwa zimefumba, zimejikunja ndani kana kwamba hazikuwahi kuchanua. Nililigusa ua moja likamwagika lote mkononi. Maji yalikuwa masafi, vikonyo vigumu, majani ya kijani kibichi. Na kando yake ndizi, Moraa, ndizi za manjano safi, haijapata kuiva mikungu namna ile. Nilikaa chini katikati ya vitu hivyo viwili na sikujiuliza swali hata moja kuhusu ndizi. Ndizi ni chakula. Nani anashtaki chakula?

Usiku huo habari zilimfikia mke wa mzee wa kanisa, akapiga simu mjini, na kufikia asubuhi plastiki zilikuwa zimefika. Mimi nilikwenda harusini kwa sababu kutokwenda kungekuwa kubaya zaidi. Nilimkuta uwanjani, katikati ya akina mama na watu wa upande wa bwana harusi. Hakunisalimu. Akaniuliza kwa sauti ya kila mtu kusikia, maua yetu yako wapi.

Neno moja tu lingetosha. Nimekosea. Lina ugumu gani neno hilo? Nimekosea, basi, wanicheke wiki mbili wachoke. Lakini nilitazama zile nyuso, nikayaona mawaridi ya plastiki mlangoni, nikafungua mdomo nikasema, "Mwulizeni Kemunto. Ijumaa aliingia stoo kwangu akaniambia hayatafika Jumapili."

Hakuna uongo hata kidogo katika maneno hayo. Ndiyo maana nayachukia. Ningesema uongo, mtu angeweza kuniumbua. Lakini nilisema kweli tupu, nikaikata kama kikonyo, nikawapa ile sehemu yenye sumu, ile ya ndizi nikaiacha. Mtu mmoja akauliza, "Alijuaje?" Nikalisikia swali hilo likienda kutoka mdomo hadi mdomo, alijuaje, alijuaje, mpaka likafika kwa wapishi. Sikulizuia. Na nitakuambia lililo baya zaidi, kwa sababu nikilificha barua hii haina kazi. Niliona raha. Macho yaliyokuwa yamenikaba yaliniachia yakaenda kutafuta mwingine.

Unajua mahali petu mzee mwenye mvi akitajwa namna hiyo kinachofuata. Lile neno lenyewe la uchawi mimi sikulitamka. Walilitamka wenyewe, na walikuwa wepesi, jamani, walikuwa wepesi kama waliokuwa wanalisubiri. Watu wa kanisa, waliokuwa wametoka kusali! Wiki ile ile ndizi zake zilikaa sokoni Nyamira mpaka zikaoza, hakuna aliyezigusa. Mama mmoja alimwita mtoto wake atoke kwenye kivuli cha nyumba yake. Mawe yakaanza kuanguka kwenye mabati. Ukiuliza mtu, anakujibu, lisemwalo lipo. Methali hiyo sitaki kuisikia tena maishani mwangu. Lisemwalo lipo wapi? Lililosemwa lilikuwa langu, nililisema kwa aibu ya maua, na halikuwepo!

Halafu jioni moja vijana wanne walisimama langoni kwake. Mmoja alikuwa na kiberiti, anawasha kijiti, anakiacha kizime, anawasha kingine. Baba yako aliwaona akaenda akakaa nao akiongea habari za mpira mpaka wakaondoka, na hilo nampa heshima yake. Naibu chifu akaja kesho yake akasema hawezi kumhakikishia usalama. Binti yake akaja kutoka Nyamache na gari la kubebea majani ya chai, wakapakia mbuzi mmoja na blanketi mbili. Ulisimama kwenye ua ukaniuliza Koko anakwenda wapi. Nikakuambia anakwenda kutembea. Ukaniuliza atarudi lini. Nikakutuma maji.

Nyumba yake imeanguka upande mmoja. Unapita hapo kila siku, umeiona.

Kama ingekuwa hapo ndipo mwisho, ningesema nilikuwa mjinga, na mjinga husamehewa. Lakini ulipokuwa kidato cha pili ulirudi kutoka shule hata begi hujalitua. Mwalimu wenu wa kilimo alikuwa amewafundisha kwamba tunda linapoiva hutoa hewa fulani isiyoonekana, na hewa hiyo huivisha matunda mengine na kuyazeesha maua. Ukachukua glasi mbili, ukaziosha vizuri nilivyokufunza, ukatia karnesheni moja moja. Moja ukaiweka mezani. Nyingine ukaifunika kwa beseni kubwa pamoja na ndizi mbivu. Hukuniambia kitu. Siku ya tatu ukaniita, ukafunua beseni. Ua la mezani limesimama. La ndizi limefumba, limejikunja vile vile.

Ulisema, "Mama, ilikuwa ndizi. Koko alikuwa anatusaidia."

Nilikupiga kofi. Nikamwaga maji, nikatupa maua yote mawili, lile zima na lile lililokufa, nikakuambia hayo maneno yasisikike tena katika nyumba hii. Ulikuwa na miaka kumi na mitano. Ulikuwa umeniletea njia ya kutokea, safi, imeoshwa, imewekwa mezani, na mimi nilikupiga kwa sababu ilinibidi kupita humo mbele ya watu. Hukulia. Ulichukua kitambaa ukapangusa meza. Tangu siku hiyo kuna mambo huniambii, na sina haki ya kuuliza kwa nini.

Na unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nilizihamisha ndoo zangu zikakaa upande mwingine kabisa wa nyumba. Kimya kimya. Nikamwambia baba yako stoo ina panya. Maua yangu yakaanza kukaa wiki mbili, watu wakaanza kuyafuata kutoka Suneka na mjini Kisii, na hata mke wa mzee wa kanisa akatupa zile plastiki. Kila mtu ananiuliza siri yako ni nini, Mama Moraa. Nikawa natabasamu nasema ni mkono tu. Mkono wa nani? Ni mkono wa yule mama mzee juu ya gunia. Nimesifiwa miaka mitano kwa elimu yake, na mwenyewe yuko Nyamache anakaa kwa mkwewe, mzee wa kike wa Kigusii kuishi kwa mkwe, aibu ambayo wewe huwezi kuijua mpaka uzeeke.

Ndiyo maana uliposema ulimwambia meneja kwamba umefundishwa na mama yako, niliinuka nikaenda kwenye moto.

Kule uendako maua yatakufia mikononi. Hata ufanye yote sawasawa, iko siku utafika asubuhi ukute yameinama na wageni wanaingia. Siku hiyo angalia ndoo. Angalia kisu, angalia maji, angalia nani aliweka bakuli la matunda hapo mapokezi, maana mahoteli yanapenda sana kuweka bakuli la matunda kando ya maua, ni ujinga mtupu. Na kukiwa na msichana mwenzako aliyekuonya jana yake, mtaje kwa jina mbele ya huyo meneja, useme aliniambia nikamdharau. Itakuuma. Mimi sikuweza, ndiyo maana najua inauma kiasi gani.

Jumanne nilikudanganya. Nilikuambia nakwenda mjini kukutafutia viatu. Nilikwenda Nyamache. Nilibeba leso na kilo mbili za sukari, kama mtu anayekwenda kumwona mzazi, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta jikoni kwa binti yake, anamenya ndizi mbichi za kupika. Macho yamepungua, lakini sauti yangu aliijua kabla sijamaliza kusalimu. Akanionyesha kigoda. Nikakaa, nikamwambia yote, kuanzia wivu niliomfikiria mpaka kofi nililokupiga. Nilipiga magoti kwenye majivu yake. Nililia, ndiyo, na sasa nikikumbuka yale machozi nayaonea hasira pia, kwa sababu yalikuwa ya kunifariji mimi.

Alimenya ndizi ile mpaka mwisho, akaitia majini. Kisha akasema, "Ulinitaja uwanjani, mbele ya harusi nzima. Msamaha unakuja kuniombea jikoni?"

Basi. Hakusema amenisamehe, hakusema hajanisamehe. Akamwita mjukuu wake aniletee chai, nikainywa, na ilikuwa na maziwa mengi jinsi alivyokuwa akitupikia. Nilipoaga akaniuliza habari zako. Nikamwambia umepata kazi ya maua. Akafurahi mpaka akapiga makofi, Moraa. Kwa ajili yako alipiga makofi.

Nimemwambia baba yako ninachotaka kufanya. Amesema mambo ya zamani yasifukuliwe, kwamba maji yakimwagika hayazoleki, kwamba nitapoteza wateja, kwamba mke wa mzee wa kanisa atageuza kila kitu, kwamba vijana wale wanne sasa ni watu wazima wenye watoto na mmoja ni shemasi. Yote ni kweli. Nimemjibu kwamba mficha uchi hazai, na kwamba maji haya sikuyamwaga kwa bahati mbaya. Amekasirika, amekwenda kulala bila kunyoa kwa ajili ya safari yako. Mwache. Atanyoa asubuhi.

Kesho ni Ijumaa, utaondoka. Keshokutwa ni Sabato. Wakati wa ushuhuda nitasimama mbele, si pale kwenye benchi langu, mbele kabisa, mahali pa maua. Nitaanza na stoo na nitamaliza na wewe. Nitayataja magunia, nitakitaja kiganja chake, nitayasema maneno yake yote matatu kwa mpangilio alioyasema, la ndizi likiwa mahali pake. Wanaotaka kuuliza alijuaje, nitawaambia. Alijua kwa sababu aliweka mkono akapima. Nikimaliza nitawaambia kwamba nyumba yake inahitaji mabati na udongo, na kwamba mimi naanza Jumatatu, na yule shemasi akitaka kuleta jembe, njia anaijua.

Sikukuambia kabla hujaondoka kwa sababu ungebaki. Ungesema kazi inaweza kungoja, ungekuja ukakaa benchi la mbele unishike kwa macho, na mimi ningesimama nikijua kuna mtu mmoja ananipenda mle ndani. Kemunto hakuwa na mtu kama huyo uwanjani siku ile.

Watakupigia simu. Kabla ya jua la Jumamosi kutua watakuwa wameanza, shangazi zako wa kwanza, wakuulize kama mama yako ameingiwa na wazimu, kama ni maradhi, kama kuna mtu ananitia maneno. Usinitetee. Waambie ni kweli, na uwaambie wewe ulinieleza miaka mitano iliyopita, nikakupiga.

Mama yako